Rangi Juu ya Fangasi

Mama wa kisa hiki simpi jina, kwa sababu wanaofanana naye ni wengi kuanzia Tukuyu hadi Mafinga. Anachuma chai Rungwe. Huko mvua za Novemba zikianza, Mei huzikuta bado zinanyesha, kisha huja ukungu na baridi ya Juni. Mchuma chai huingia shambani alfajiri, majani yamelowa, na miguu hushinda ndani ya gambuti mpaka jioni. Hata maji yasipoingia, soksi huloa jasho. Asubuhi ya pili gambuti zilezile huvaliwa kabla hazijakauka.

Ulianza mwasho katikati ya vidole. Akaupuuza, msimu wa majani nani ana muda na mwasho wa miguu? Baadaye ukucha wa kidole gumba ukawa wa njano pembeni, ukanenepa, unga ukawa unatoka chini yake. Dada yake anayeishi Mufindi akamletea tyubu ya krimu. "Paka hii, mdogo wangu, mimi ilinifaa." Ilikuwa krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi pamoja na betamethasoni. Mwasho ukatulia, naye akaamini amepona. Kumbe betamethasoni hutuliza wekundu na mwasho huku ikidhoofisha kinga ya ngozi, na fangasi wanaendelea kutambaa. Tena ukucha ukishanenepa, krimu haipenyi ipasavyo.

Ilipokaribia Krismasi aliona aibu kuvaa ndala. Mwanjelwa akampata kijana wa kucha, akakwanguliwa, akapakwa rangi nyekundu. Kijana akahamia kwa mteja mwingine na kifaa kilekile. Vijana hawa wanatafuta riziki ya halali na ninawaheshimu, lakini kifaa kisichosafishwa huhamisha fangasi kutoka mguu hadi mguu.

Rangi ilipobanduka, ukucha ulikuwa umeharibika hadi karibu na shina. Ndipo akaenda kupimwa. Unga uliokwanguliwa chini ya ukucha uliwekwa tone la hidroksidi ya potasiamu, ukatazamwa kwa darubini. Hatua hii watu wengi huiruka, na inaniuma, kwa maana karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi kabisa: nyingine zimebanwa na viatu, nyingine ni soriasisi. Ukucha wake ulikuwa na fangasi kweli. Ini likapimwa, akapewa terbinafini miligramu 250 kila siku kwa wiki 12. Zingekuwa kucha za mikono, zingetosha wiki 6.

"Mama, usiache katikati," muuguzi alimwambia. "Utamaliza vidonge na ukucha utauona bado mbaya. Huo mbovu hauponi, unasukumwa nje na mpya."

Alisikia, hakushika. Ukucha wa kidole gumba cha mguu hukua milimita moja na nusu hivi kwa mwezi, na kuota wote upya huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Wiki ya tano hakuona badiliko, na malipo ya majani yalikuwa yamechelewa. Akaacha dawa.

Mume wake ana kisukari. Alfajiri akienda kukamua ng'ombe, aliingiza miguu katika gambuti za mkewe. Naye akapata fangasi. Ukucha wake uliponenepa akaukata kwa wembe, akajijeruhi, asisikie maumivu, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeshaharibu mishipa ya fahamu ya nyayo. Soksi ilipoanza kunuka ndipo kidonda kilipogunduliwa. Hospitali ya rufaa madaktari waliuokoa mguu, kidole kilikatwa.

Mama ameanza dozi upya na sasa anaimaliza. Gambuti za zamani zimetupwa. Ana jozi mbili, moja ikivaliwa nyingine inakauka. Soksi hufuliwa kwa maji ya moto, vidole hukaushwa kimoja kimoja baada ya kuoga, na kila mtu nyumbani ana viatu vyake na mkasi wake wa kucha. Nyayo za mume hukaguliwa kila usiku. Fangasi wa kucha huwarudia wengi waliokwisha kupona, kwa hiyo mwasho ukitokea tena katikati ya vidole, siku hiyohiyo hupaka klotrimazoli isiyochanganywa na kitu, na huendelea nayo wiki mbili zaidi baada ya ngozi kutakata.