Halali na Haki

Watu wengi hudhani kuwa halali na haki ni pacha. Maisha ya Thaddeus Stevens, wakili na mwanasiasa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1792 katika jimbo la Vermont, yatuonya tusiamini hivyo upesi.

Mwaka 1821 Stevens alikuwa wakili kijana katika mji wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania. Sheria ya huko ilimpa uhuru mtumwa aliyeletwa na bwana wake akakaa humo miezi sita. Mwanamke mmoja, Charity Butler, alidai uhuru wake kwa sheria hiyo. Stevens alimtetea bwana, akasema kuwa miezi hiyo lazima ifuatane. Siku za safari mbalimbali hazijumlishwi. Hoja ilishinda, na mama yule akabaki utumwani pamoja na watoto wake wawili.

Je, wakili huyo alikosa? Wako watakaojibu kuwa wakili ni ulimi wa aliyemwajiri, na hukumu ni ya hakimu. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Hata mwovu astahili msemaji mahakamani. Lakini ulimi hukaa katika kinywa cha mtu mwenye moyo, na aliyefunga mlango hawezi kuulaumu ufunguo.

Baadaye Stevens aliwatetea watumwa waliotoroka. Mwaka 1835 alizilinda shule za bure za Pennsylvania wapinzani walipotaka kuzifuta. Katika Bunge la Marekani alipigania mabadiliko ya katiba: lile la 1865 lililokomesha utumwa, na lile la 1868 lililoahidi ulinzi sawa wa sheria. Alikufa mwaka huo huo 1868, akazikwa Lancaster katika makaburi aliyoyachagua kwa sababu hayakubagua watu kwa rangi.

Je, mema hayo yalifuta lile la kwanza? La. Maji yakimwagika hayazoleki. Uhuru wa maelfu haukumrudishia Charity Butler miaka yake. Hata hivyo, asiyeweza kuyazoa maji aweza kuchota mengine kwa wenye kiu, na huo ni wajibu wake.

Enyi vijana, kesho baadhi yenu mtakuwa mawakili, makarani na mahakimu. Kila mtakapouliza, “Je, sheria yaniruhusu?” ulizeni na la pili: “Nikishinda, ni nani atakayelia?”