Ahadi ya Wenye Nguvu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, Mola wetu ametuamrisha katika Sura Bani Israil tutimize ahadi, akatuonya kwamba ahadi itaulizwa. Hakubagua ahadi ya tajiri na ya maskini. Natuutazame basi mwaka 1914, tuone ni nani hulipa ahadi ikivunjwa.

Mwaka 1839 dola tano kubwa za Ulaya zilitia saini kwamba Ubelgiji, nchi ndogo, isiingiliwe katika vita vyao. Mojawapo ilikuwa Prussia, iliyokuja kuunda dola ya Ujerumani. Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliuvuka mpaka wa Ubelgiji. Kabla mwezi haujesha, mji wa Louvain ulikuwa umetiwa moto, na maktaba ya chuo chake kikuu imekuwa majivu.

Moto huo ulifika na huku kwetu. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulifungua njia ya kuziweka nchi hizi nje ya vita vya Wazungu. Njia hiyo haikufuatwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekubaliana mpaka, uanzie mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, uishie ukingo wa Ziwa Victoria, katika Migori ya leo. Wakuria wakagawanywa pande mbili, wala hawakuulizwa.

Septemba 1914 Wajerumani waliuvuka mpaka huo, wakafika Karungu, pwani ya Migori, wakaingia na mji wa Kisii. Waingereza walileta askari kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu, katika Homa Bay ya leo. Tarehe 12 wakapigana Kisii, kisha pande zote mbili zikarudi nyuma, mji ukabaki hauna mlinzi. Baadhi ya wenyeji wakaupora. Waingereza waliporejea wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe, na adhabu ikawashukia watu kwa jumla. Vita si vyao, na hasara ikawa yao.

Huenda msemaji akasema: Haya ni ya Wazungu, yatuhusu nini? Twamjibu: dhuluma haina kabila. Ubelgiji hiyo hiyo iliyodhulumiwa, mwaka 1908 ilikuwa imeirithi Kongo kutoka kwa mfalme wake Leopold, ambako watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Basi kudhulumiwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu.

Na sisi je? Aliye na mali ya yatima mkononi mwake ni dola kubwa, na yatima ni nchi ndogo. Msimamizi wa wakfu, tajiri mbele ya mchukuzi wake, mume mbele ya mkewe: kila mmoja ametia saini mbele ya Mungu. Haifai tulaumu waliolirarua karatasi la mwaka 1839, nasi twarithisha watoto wetu nyumba za wakfu.

Ewe Mola, tujaalie tuwe watimizao ahadi kwa asiyeweza kutudai. Amin.