Ukimya Una Mpishi Wake

Katika milima ya Chartreuse, kusini-mashariki mwa Ufaransa, kuna bonde ambalo mpita njia huombwa apunguze sauti. Humo mna monasteri ya Grande Chartreuse, makao ya wamonaki Wakartusi wanaoishi karibu bila kusema. Wageni hawaingii. Lakini kila majira ya baridi watu wa mijini hupanda hadi kijiji jirani cha Saint-Pierre-de-Chartreuse, hufunga miguuni viatu vipana vya theluji, na kumfuata kiongozi msituni Jumamosi na Jumapili. Wengi wao wanatafuta kilekile wanachokitafuta wamonaki.

Wapo wanaoona kasoro hapa. Mtu anayemtafuta Mungu, au anayetaka kuisikia nafsi yake, ataipataje faragha akiwa ameandamana na kundi la wasiojuana, tena nyuma ya mtu anayelipwa kuonyesha njia? Ukimya wa kununua, wenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, unaonekana kuwa kivuli tu cha ukimya wa kweli wa mja aliye peke yake mbele ya Muumba wake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, historia ya bonde lenyewe inaikataa.

Bruno, mwanzilishi wa Wakartusi, mzaliwa wa Köln na mwalimu mashuhuri wa Reims, alifika hapa mwaka 1084 na wenzake 6. Wawili kati yao, Andrea na Guerin, walikuwa walei, na tangu siku za mwanzo walibeba shughuli za nje ili wengine wabaki vyumbani wakisali. Mpango huo haujavunjika. Hadi leo mmonaki padri hukaa katika kijumba chake chenye bustani ndogo, na chakula huwekwa kwenye kidirisha kando ya mlango wake. Kuna bruda aliyemenya mboga, akachochea moto, akapita mlango kwa mlango akigawa vyombo. Upweke huu, ambao ni miongoni mwa ule mkali kabisa katika Kanisa la Magharibi, umesimama juu ya jiko la mtu mwingine.

Wala si Wakartusi peke yao. Eliya, kabla ya kukutana na Mungu mlimani Horebu, alikuwa amelala jangwani akijiombea kifo. Malaika alimwamsha mara mbili ale mkate na anywe maji, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipokuwa akijitenga katika pango la Hira, hadithi zinasimulia kwamba alikuwa akirudi kwa Bi Khadija kuchukua masurufu mengine. Tunasimuliana sana habari za pangoni, tukapita haraka mlangoni kwa Bi Khadija. Wanaokaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani wanalielewa jambo hili vizuri: wanajitenga na dunia wakiwa ndani ya msikiti uliojaa watu, na futari huletwa na wengine.

Mlima wenyewe hauahidi amani yoyote. Theluji mpya ina hewa nyingi kuliko barafu, na sauti huingia katika vitundu vyake ikafia humo. Ndiyo sababu msitu hutulia kiasi kile baada ya usiku wa theluji. Lakini theluji hiyohiyo, tarehe 30 Januari 1132, iliporomoka juu ya monasteri ya kwanza na kuua watu 7 wa jumuiya ile. Guigo, mkuu wao, aliihamisha nyumba kama kilomita 2 chini zaidi, na hapo ndipo ilipo hadi sasa. Watu waliokuja kusali walilazimika kujifunza kuusoma mteremko.

Kiongozi wa leo anafanya kazi ya Andrea na Guerin. Alfajiri anasoma taarifa ya hatari ya maporomoko, inayopangwa kuanzia 1 hadi 5, na kuchagua njia kufuatana na upepo wa usiku. Panapohitajika, kila mtu hubeba kifaa cha mawimbi, ufito mrefu wa kuchomea theluji na koleo, kwa kuwa aliyefukiwa ana dakika chache, na wa kumfukua ni mwenzake aliye karibu. Hapo ndipo wanaofuata nyuma wanaweza kunyamaza kweli. Atembeaye peke yake kwenye theluji asiyoijua hanyamazi; kichwani anabishana na kila mteremko.

Wamonaki wenyewe, mara moja kwa wiki, hutoka kutembea pamoja kwa saa kadhaa, nao huzungumza njia nzima. Mtengenezaji filamu Philip Gröning aliomba mwaka 1984 kupiga filamu monasterini, akajibiwa baada ya miaka 16. Katika filamu hiyo, iliyotoka mwaka 2005, wanaume wenye mavazi meupe wanaserereka kwenye theluji huku wakicheka. Hakuna aliyeona kwamba kanuni imevunjwa.

Linabaki jambo moja gumu. Bruda alilichagua jiko lake, na Bi Khadija alitoa kwa mapenzi. Lakini katika milima hii yuko ndege wa jamii ya kwale, tetras-lyre, ambaye wakati wa baridi hukaa sehemu kubwa ya siku ndani ya shimo alilochimba kwenye theluji, akihifadhi joto lake. Chakula chake ni haba. Watu wakipita karibu, yeye huruka kwa hofu, na nguvu anayoipoteza ni ileile iliyokuwa imfikishe majira ya kuchipua. Yeye hakuombwa kuchangia sala ya mtu. Kwa hiyo sehemu kadhaa za Alps hutengwa kwa kamba na mabango wakati wa baridi, na kiongozi anayejua wajibu wake hufika pale akaligeuza kundi, hata kama mandhari nzuri kuliko zote iko ng'ambo ya kamba na wageni wamekwisha kulipa, kisha akasimama awaeleze ni kwa ajili ya nani.