Je, Aliye Juu Huona Zaidi?

Baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja wa darasa yetu aliyekuwa amesafiri kwa ndege alituonyesha picha alizozipiga dirishani. Mzee wetu mmoja alizitazama moja moja, kisha akazirudisha akasema: "Mwanangu, hizi ni nzuri, lakini zatufaa nini? Hapana hata mtu mmoja ndani yake." Neno hilo lilizua ubishi mpaka Isha ikaadhiniwa, wala haukwisha. Nimeona niyaandike niliyoyafikiri baadaye, wasomaji wetu wayapime.

Kwanza, uzuri huo haukanushiki. Mwenye kutoka Mombasa kwenda Nairobi, akaketi upande wa kushoto na hewa ikawa safi, huuona mlima wa Kilimanjaro, urefu wake mita 5,895, umetokeza juu ya mawingu kama kisiwa baharini. Na mawingu yenyewe, ambayo sisi tulio chini twayajua kwa matumbo yake meusi tu, kwa juu ni meupe kama pamba iliyochambuliwa. Moyo usiotikisika kwa hayo una maradhi.

Lakini picha moja ya kijana yule ilinishughulisha kuliko zote. Kivuli cha ndege kimeanguka juu ya wingu, nacho kimezungukwa na duara la rangi, nyekundu nje na buluu ndani. Wenye elimu ya nuru wasema kuwa vitone vidogo vya maji vilivyomo katika wingu huirudisha nuru ya jua kule kule itokako. Kwa hivyo duara hilo huonekana upande ulioelekeana na jua, mahali kiangukapo kivuli. Na ajabu yake ni hii: katikati ya duara ni pale penye kivuli cha jicho la mtazamaji mwenyewe. Aliyeketi mbele huliona limezunguka mbele ya ndege, na aliyeketi nyuma huliona limezunguka mkia. Ajuaye hayo, akiitazama picha, aweza kusema mpiga picha aliketi wapi. Basi abiria wote wa upande ule wamo katika ndege moja, na kila mmoja ana duara lake, naye ndiye aliye kati. Sisemi kuwa huo ni uwongo. Nuru ni ya kweli na rangi ni za kweli. Ila asiyejua atadhani kuwa taji lile amevikwa yeye peke yake.

Hapo ndipo neno la mzee liliponigusa. Umbali huyapa macho uzuri kwa kuyanyima mengine. Paa livujalo, mtaro unukao, mama atekaye maji mbali, vyote huwa mistari na rangi. Na mwenye kuzoea kuiona nchi hivyo, ni rahisi kwake kuitendea kama picha. Tarehe 1 Novemba 1911, kabla haijatimia miaka minane tangu ndugu wawili Wright kuruka mara ya kwanza, rubani Mtaliana, Giulio Gavotti, alitupa kwa mkono wake mabomu madogo kutoka ndegeni, huko Libya, karibu na Tripoli. Katika vita hivyo hivyo ndege zilitumiwa pia kupigia picha za ardhi. Kosa si la ndege, wala si la kamera. Lakini aliye juu hasikii kilio.

Walakini siwezi kumfuata mzee mpaka mwisho. Mwezi wa Januari 1930, rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kilimanjaro akaipiga picha Kibo na barafu yake. Leo mwenye kuzilinganisha picha zile na za sasa huona kilichoondoka: barafu iliyokuwa yapata kilomita za mraba 12 mwaka 1912, ilipofika 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Katika picha zile hamna mtu, nazo zawahusu watu wengi.

Nilimrudia kijana nikamwuliza, chini ya wingu lile palikuwa wapi? Akasema hajui, alikuwa akilitazama duara. Nikamwomba safari nyingine aandike chini ya kila picha tarehe, saa, na jina la mji ulioko huko chini. Amekubali. Mzee naye asema bado angoja kumwona mtu.