Khofu ya Mhitimu na Tawakali

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia kwisha na vyuo vikuu vya Tanzania vikiwa katika msimu wa mahafali, maelfu ya vijana huvaa joho kwa siku moja, wakapiga picha na wazazi wao waliofunga safari kutoka mikoani, wakatunukiwa shahada kwa pamoja kwa kauli ya mkuu wa chuo, kisha wakalirudisha joho lile lilikoazimwa. Na aghalabu usiku wa siku ile ile, jamaa wakiwa bado wanakula pilau na kupongezana, moyo wa yule anayepongezwa huingiwa na jakamoyo asiloweza kumwambia mtu, kwa kuchelea asije akaonekana mwenye kukufuru neema.

Je, khofu hii ni dalili ya upungufu wa imani? Suala hili nimelisikia likijibiwa mara nyingi, misikitini na makanisani, kwa haraka isiyolistahiki: kijana huambiwa kwamba riziki yake imekwisha andikwa tangu hajazaliwa, kwamba mwenye kumwamini Mola wake hana haja ya kuiwaza kesho, na kwamba ayaache yote mikononi mwa Mungu, akatulie. Kila neno katika hayo lina haki yake mahali pake. Lakini linapomfikia mtu ambaye khofu imekwisha mshika, humzidishia khofu ya pili juu ya ile ya kwanza, yaani khofu ya kwamba hata imani yake nayo imeshindwa mtihani. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Nasadiki kwamba mhitimu anayeogopa ana haki ya kuogopa, ila aghalabu huogopa lisilostahiki kuogopwa, akalisahau lile linalostahiki. Na kazi ya dini katika jambo hili ni kuihamisha khofu yake ikakae mahali pake pa haki, maana kuiondoa yote haiwezekani wala haifai.

Tuitazame kwanza asili yake. Mtoto wa Kitanzania anayefika chuo kikuu kwa njia ya kawaida amesoma miaka 7 ya shule ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na cha sita, na 3 au zaidi ya chuo. Miaka 16 kwa uchache, na katika miaka yote hiyo hapana asubuhi ya muhula aliyoamka asijue anatakiwa awe wapi, akifanya nini, mbele ya nani. Kengele ilimwita, ratiba ilimpangia, Baraza la Mitihani lilimpima, na kila alipomaliza hatua moja alikuta watu wengine wamekwisha mtengenezea ya pili. Halafu siku moja hapana tena anayemngojea popote. Uhuru aliokuwa akiutamani darasani umemjia mzima mzima kwa siku moja, na uzito wake hakupata kufundishwa kuubeba.

Haikuwa hivi sikuzote. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa sheria tupu, wachache wasiofika hata 20, na nchi iliyobakisha majuma machache kupata uhuru wake iliwangojea wote kwa hamu. Hata miaka mingi baadaye mhitimu alipangiwa kazi na Serikali kama alivyokuwa amepangiwa bweni. Ilipofika miaka ya 1990 ahadi hiyo ilikuwa imekwisha toweka. Na tangu sheria ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, wengi hutoka chuoni na shahada mkono mmoja na deni mkono wa pili, deni ambalo mwenye kuajiriwa hukatwa kwalo asilimia 15 ya mshahara wake wa kila mwezi. Simlaumu kijana anayeyahesabu hayo usiku akakosa usingizi.

Alasiri moja kijana wa jirani yangu hapa Tanga, aliyehitimu shahada ya uhasibu, alikuja barazani kwangu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu, karibu kitako." Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe kwa kushikwa, na ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, hati ya matokeo ya chuo, na vivuli vya vyote hivyo vimegongwa mhuri wa wakili, maana kila tangazo la kazi lataka nakala zilizothibitishwa, na kila mhuri una bei yake. Nilipomuuliza hali hakuanza na njaa wala na fedha. Alisema, "Mwalimu, kinachonitesa ni njia ya kwenda msikitini. Kila nikipita watu wananiuliza, Umeshapata? Hawasemi nipate nini. Nami najibu, Bado. Siku hizi nazungukia mitaa ya nyuma nisikutane nao."

Tukaendelea kuzungumza, hata ikadhihirika kwamba mjomba wake ni mfanyabiashara wa dagaa pale pwani ya Deep Sea, biashara ya miaka mingi isiyo na daftari ila kichwa cha mwenyewe, na kwamba mjomba huyo amekwisha mwomba si mara moja aje amwekee hesabu zake kwa ujira mdogo, naye amekataa. "Watu watasema nimekaa darasani miaka yote hiyo nikaja kuhesabia dagaa sokoni." Aliyasema hayo kwa unyonge, bila ya kiburi hata chembe, na unyonge ule ndio ulionihuzunisha.

Maneno ya kijana huyu yana khofu mbili zilizosokotana, na ni lazima zitenganishwe. Ya kwanza ni khofu ya riziki: nitakula nini, nitaoa lini, mama yangu atapumzika lini. Hiyo haina lawama, na vitabu vya dini havikuilaumu. Qurani, katika Sura ya Al-Qasas, yamsimulia Nabii Musa, aliyelelewa katika jumba la Firauni na kupewa hekima na elimu, akitoka Misri na khofu imemjaa, akiangaza huku na huku, hana ajira, hana akiba, hana jamaa huko aendako. Anafika kisimani Madiani, anawakuta wachunga wamelizonga maji, na wanawake wawili wamejitenga na wanyama wao wakingoja, anawanyweshea. Hakuna aliyemtaka cheti, wala yeye hakutaja ujira. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kukaa kivulini akamweleza Mola wake ufukara alio nao, na kutoka kivuli hicho akaitwa, akapewa hifadhi, na mke, na mapatano ya kazi ya miaka 8, akipenda aitimize 10. Naomba msomaji auangalie mpango wa kisa hiki kwa makini. Khofu ya Musa haikukemewa. Aliambiwa asikhofu kwa kuliwazwa, kama mzee anavyomwambia mgeni aliyefika salama. Dua yake haikuwa badali ya kazi iliyokuwa mbele ya macho yake, bali ilikuja nyuma ya kazi hiyo, mikono ingali imelowa maji. Na kazi aliyoipata, mtu huyu wa jumba la kifalme, ilikuwa ni uchunga wa mifugo ya watu, naye aliifanya miaka hiyo yote kabla ya kupewa ujumbe ambao kwao ametajwa hata leo.

Khofu ya pili ni ya macho ya watu, na juu yake sina upole. Hii ndiyo inayomzungusha mwanamume mzima mitaa ya nyuma akienda kusali, na hii ndiyo iliyomfanya aione kazi ya mjomba wake kuwa ni fedheha, ilhali fedheha haikuwemo. Imamu Ghazali, mzaliwa wa Tus aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa tawakali wa kitabu chake kikubwa cha Ihya, amezipambanua sababu ambazo kwazo binadamu hutafuta manufaa. Zipo za yakini, na mfano aliotoa ni mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, naye asinyooshe mkono kwa kudai kwamba ametawakali. Huyo, asema Ghazali, amepatwa na wazimu, na tawakali haimo katika jambo lake. Zipo za dhana yenye nguvu, kama kuchukua masurufu kwa mwenye kusafiri jangwani. Na zipo za wahamu, yaani za kukisia tu bila ya msingi, ambazo mwenye tawakali huziepuka. Kuandika maombi ya kazi na kuhudhuria usaili ni katika zile za dhana: huenda zikafaa, huenda zisifae, na kuzitumia hakupunguzi imani ya mtu. Kumlipa mtu asiyejulikana anayedai kwamba anafahamiana na wakubwa, au kuvaa hirizi siku ya usaili, ni wahamu mtupu. Lakini hesabu za mjomba zilikuwa ni chakula kilichokwisha pakuliwa. Na kilichouzuia mkono wa kijana yule ni dhana yake juu ya maneno ya watu wa barazani.

Ghazali huyo huyo aifananisha daraja ya awali ya tawakali na hali ya mtu aliyemweka wakili amtetee: moyo wake humtegemea wakili, lakini hati na mashahidi anaotakiwa kuwaleta huwaleta mwenyewe. Kwa hiyo bahasha ile ya kaki, na safari zote za kuitembeza, kwangu mimi ni sehemu ya ibada ya kijana yule.

Hapa sina budi kusema neno juu ya wengine, kwa sababu si insafu kumhubiria mhitimu peke yake. Tawakali imekuwa aghalabu ikitumiwa kuwanyamazisha wenye haki. Pale nafasi ya kazi inapotangazwa hali mwenyewe amekwisha chaguliwa kwa udugu na kujuana, na vijana mia wakatoa nauli zao kwenda kufanyiwa usaili wa uongo, kuwaambia baadaye kwamba ndivyo walivyoandikiwa ni kumzulia Mungu dhambi za binadamu. Kadari haikumtia mpwa wa mkubwa katika orodha. Mkubwa ndiye aliyemtia, naye ataulizwa. Mhubiri asiyeweza kulisema hilo mimbarini asiwasemee vijana habari za subira.

Tena asidhani mhitimu kwamba siku atakapopata, wahaka utakwisha. Ghazali aliyapata yote ambayo msomi wa zama zake angeweza kuyatamani: mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka thelathini na ushei, alipewa kiti cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, akasikilizwa na mamia ya wanafunzi. Miaka minne tu baadaye, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu chake cha Munkidh, alijikuta akivutana na nafsi yake kwa karibu miezi 6, akizipima nia zake na kuziona zinatafuta sifa na jaha, mpaka ulimi wake ukafungika asiweze kutoa somo, na chakula kikamshinda, na matabibu wakakiri kwamba maradhi yametoka moyoni. Akaiacha Baghdad akaenda Shamu. Mtu huyu hakuwa na shida ya ajira. Lililomwangusha ni suali la elimu yake ni ya nini, na suali hilo halimsubiri mtu apate cheo ndipo limjie.

Na hilo ndilo ninalotaka mhitimu aliogope. Imo hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya kwamba siku ya Kiyama nyayo za mja hazitaondoka mahali pake mpaka aulizwe juu ya umri wake ameumalizaje, na elimu yake ameifanyia nini, na mali yake ameichuma wapi na kuitumia katika nini, na mwili wake ameuchakaza kwa jambo gani. Hakutajwa mwajiri katika masuali hayo, wala cheo. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, alilifikia jambo hili hili kwa njia yake mwaka 1964, alipokuwa akiueleza Mpango wa Maendeleo wa miaka 5: alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda kuwaletea wenzake chakula kutoka mbali, na asiporudi nacho amewasaliti. Mwaka 1964 msomi alijua ni mlango gani apeleke mzigo wake. Leo hajui, na milango mingi imefungwa. Lakini wenye njaa wale hawakuondoka. Wapo wavuvi wanaopunjwa kwa kutojua hesabu, zipo shule ambamo mwalimu mmoja anasomesha watoto mia kwa darasa, wapo wazee wanaopoteza viwanja kwa kutoweza kuusoma mkataba. Elimu inadaiwa nao kabla ya kudaiwa na Bodi.

Nilimwambia kijana yule mengi katika haya, naye alisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akaondoka na bahasha yake. Kama amekwenda kwa mjomba wake au hakwenda, sikumuuliza. Amekwisha ulizwa vya kutosha.

Enyi jirani na wazazi, iacheni desturi ya kumsimamisha mtoto wa watu njiani kumuuliza kama ameshapata. Mwenye kazi ya kumpa ampe, na asiye nayo amtakie kheri apite. Na wewe uliyehitimu, peleka maombi yako, nenda kwenye kila usaili unaoitwa, usimhonge mtu. Na kwa kuwa siku zinazongojewa barua nazo ni sehemu ya umri utakaoulizwa, tafuta kesho asubuhi mtu mmoja anayehitaji ulichosoma, umfanyie kazi yake.