Hasira ya Jambo Dogo

Katika methali za Waswahili ipo moja yenye maneno mawili tu: Hasira hasara. Maneno hayo yanatofautiana kwa herufi moja peke yake, kana kwamba wahenga walitaka kutuonyesha ya kuwa baina ya kukasirika na kupata hasara hapana mwendo mrefu. Kila mtu huijua methali hii tangu utotoni, na kila mtu huisahau siku anapoihitaji.

Liko jambo moja la ajabu katika tabia ya mwanadamu, nalo yafaa tulitazame kwa makini. Mtu aweza kuvumilia njaa, maradhi na kufiwa, asitamke neno la uovu. Lakini mtu huyo huyo akisalimu njiani asijibiwe, au akitajwa barazani kwa neno la mzaha, damu humchemka na usiku usingizi humtoroka. Kwa nini kubwa libebeke na dogo lishindikane?

Sababu yake ni hii: maradhi hayana nia, lakini dharau tunaidhani ina nia. Tunapodharauliwa hatuumizwi na neno lenyewe, bali na maana tuliyoiweka nyuma yake. Twasema moyoni, “Amenionyesha ya kuwa mimi si kitu.” Hapo tumekwisha toa hukumu juu ya moyo wa mwenzetu, ambao hatuwezi kuuona. Pengine yule asiyeitikia salamu hakuisikia. Pengine ametoka kupata habari ya msiba. Mwenye hasira hana nafasi ya kuuliza. Yeye ni mshitaki, ni shahidi, ni kadhi na ni mwenye kutekeleza hukumu, yote kwa dakika moja. Je, ni mahakama gani hapa duniani tungeikubali ya namna hiyo?

Tazameni nyumba zetu. Mume arudi kazini amechoka, akute mchuzi umezidi chumvi. Aseme neno, mke ajibu, naye mume aone amevunjiwa heshima mbele ya watoto. Mara hutamka talaka. Ndoa iliyojengwa kwa miaka 20 huvunjwa kwa pumzi moja. Kesho yake chumvi imesahauliwa, lakini watoto wanafunga mizigo. Kwa sababu hiyo Sharia ya Kiislamu haikuliachia jambo hili liishe kwa ghadhabu. Imeweka eda, na Kurani Tukufu katika Sura An-Nisaa imeagiza kwamba wanapohitilafiana mume na mke ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Hekima yake ni dhahiri: hasira haiwezi kustahimili muda, wala haipendi kuulizwa maswali.

Waarabu wa kabla ya Uislamu walilionja jambo hili kwa uchungu. Habari zao zasimulia vita vya Basus baina ya Bakr na Taghlib, makabila mawili ya ukoo mmoja. Kulaib, mkubwa wa Taghlib, alimwona ngamia wa kigeni katika malisho yake, akaona ni kudharauliwa, akampiga mshale. Ngamia huyo alikuwa wa mtu aliyekuwa chini ya hifadhi ya Basus, shangazi au mama mdogo wa kijana Jassas wa Bakr. Jassas naye akaona ukoo wake umetiwa aibu, akamwua Kulaib. Na Kulaib alikuwa mume wa dada yake! Basi mwanamke yule, Jalila, akawa mjane kwa mkono wa ndugu yake mwenyewe. Wasimulizi husema vita hivyo vilidumu miaka 40. Walizaliwa watu, wakakua, wakauana, kwa ajili ya ngamia ambaye hawakumwona kamwe.

Wala tusidhani ya kuwa hayo ni mambo ya majangwani tu. Mwezi wa Aprili, 1827, Hussein, mtawala wa Algiers, alikuwa akizungumza na Pierre Deval, balozi mdogo wa Ufaransa. Lilikuwapo deni la miaka mingi la ngano iliyopelekwa Ufaransa, na mtawala aliuliza kwa nini barua zake kwa mfalme wa nchi hiyo hazijibiwi. Balozi akajibu kwa kiburi, naye Hussein akampiga kwa usinga aliokuwa ameushika mkononi. Ufaransa ikadai kuombwa radhi, isipate. Ikaizingira bandari kwa manowari, na mwaka 1830 ikateremsha jeshi la askari zaidi ya 30,000. Tarehe 5 Julai mwaka ule mji ukasalimu amri, na mtawala akaenda uhamishoni. Algeria haikupata uhuru wake mpaka 1962, baada ya miaka 132 na damu isiyo na kadiri.

Ni kweli kwamba usinga haukuwa sababu ya pekee. Serikali ya Mfalme Charles wa Kumi ilikuwa na shida nyumbani kwake, ikitafuta ushindi wa kujipatia sifa; na mwezi ule ule wa Julai mfalme huyo naye alipinduliwa. Lakini hapo ndipo penye fundisho. Hasira haimuumbi adui, humfungulia mlango. Mtawala yule alikuwa na haki ya kudai deni lake, na kwa pigo moja la usinga mwenye haki akageuzwa kuwa mkosaji machoni pa waliokuwa wakitafuta kisingizio.

Huenda msomaji akauliza: “Basi je, Mwislamu anyamazie kila uonevu? Asiyekasirika si ataonewa na kila mtu?” Swali hili ni la haki. Hasira ni nguvu ya maumbile, nayo ni kama moto: jikoni hupika, darini huunguza. Anayemtetea yatima huongozwa na haki. Anayejilipizia neno la barazani huongozwa na nafsi. Mtukufu Mtume (s.a.w.), kama alivyoshuhudia Bibi Aisha, hakuwa akijilipizia kisasi kwa ajili ya nafsi yake.

Tukumbuke pia habari ya Seyidna Abu Bakr. Jamaa yake Mistah, aliyekuwa akimsaidia kwa mali yake, aliingia katika kumsingizia binti yake Aisha jambo zito. Abu Bakr akaapa kutompa kitu tena. Ndipo iliposhuka aya ya Sura An-Nur, ikiwataka wenye wasaa wasamehe, na kuwauliza kama wao hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe. Abu Bakr akaurudisha msaada wake. Ikiwa baba aliambiwa asamehe uzushi juu ya heshima ya binti yake, sisi tutatoa udhuru gani kwa ajili ya chumvi ya mchuzi?

Dawa aliyoifundisha Mtume (s.a.w.) ni nyepesi: mwenye kukasirika anyamaze, akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale. Tafakarini hekima yake. Aliyekaa yu mbali zaidi na kupiga kuliko aliyesimama, na aliyenyamaza hana neno la kujutia. Dawa hiyo haituambii tusihisi. Yatuambia tungoje, mpaka akili irejee kwenye kiti chake.

Ndugu msomaji, pengine hivi sasa yuko mtu ambaye husemi naye kwa ajili ya neno la mwaka jana. Pima neno hilo, kisha pima ulichokipoteza. Ukiona mizani haiwi sawa, basi inuka wewe wa kwanza ukatoe salamu.

Mwenyezi Mungu atujalie nguvu ya kuzishinda nafsi zetu kabla ya kutaka kuwashinda wenzetu. Amin.