Mbao za Shimoni

Ufa ulikuwa mwembamba, hata ukucha usingeingia. Ulikwenda sambamba na mdomo wa shimo, hatua moja kutoka ukingoni, na mimi niliuona tangu asubuhi. Tulikuwa tunachimba choo hapa Buyenzi, Bujumbura, upande wa mto Ntahangwa. Tulishafika mita mbili na nusu, maji yameanza kuchuruzika chini ya tabaka la mchanga. Nikamwambia mwenye nyumba tunataka mbao na miti ya mikaratusi ya kukazia kuta. Akasema faranga zilizobaki ni za saruji. Nikanyamaza. Saa tisa ukuta uliteremka wote kwa mara moja, wala haukupiga kishindo, ukamfunika kijana aliyekuwa anajaza ndoo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukilowa ndiyo kabisa. Tulimfukua kwa mikono, tukiogopa sepetu.

Matangani kila aliyekuja alitupa mkono na kusema: ajali haina kinga. Nami niliitikia. Imepita miaka zaidi ya ishirini, na neno hilo halijanishuka kooni.

Maana sisi tumelibebesha neno moja mizigo miwili. Kwa Kiarabu ajali ni muda wa mtu uliokwisha kuwekwa, hauvutwi mbele wala haurudishwi nyuma. Kwetu ajali ni gari kupinduka, ngazi kuteleza, ukuta kuporomoka. Methali inasema kweli juu ya ile ya kwanza, nasi tunaitandika juu ya hii ya pili kama turubai.

Hadithi ya bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu kila mtu anaijua, siirudii. Iko hadithi nyingine, ya Abu Hurayra, imo katika Bukhari na Muslim, na bosi mmoja wa shantiye, kazi ya ujenzi, alipenda kunikumbusha: kisima hakina fidia. Wanavyuoni wameieleza kwamba ukichimba kisima katika ardhi yako, mtu akatumbukia, au mchimbaji uliyemwajiri akaangukiwa, hudaiwi diya, fidia ya damu. Bosi aliishia hapo. Lakini wanavyuoni hao hao wamesema aliyechimba katika njia ya watu bila ruhusa analipa. Kumbe hata wao walitazama kwanza aliyechimba amefanya nini. Halafu diya ni mambo ya kadhi. Sidhani kama huko mbele maswali yanaishia kwa kadhi.

Vijana wangu huniuliza: kama mbao zingekuwepo, si angekufa siku ile ile kwa jambo jingine? Huenda. Mimi sikuonyeshwa daftari la ajali yake. Nilionyeshwa ufa.

Na udongo wa Bujumbura hausemi kwa kunong'ona. Tumekaa kwenye mchanga na mfinyanzi, ziwa liko mlangoni. Tanganyika ina njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo mvua zikizidi ziwa linajaa taratibu na halina haraka ya kushuka. Mwaka 2024 lilifika majumbani kwa watu Kajaga na Gatumba. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi karibu na ufuo nayo hupanda, na shimo lililokuwa kavu mwaka juzi leo linatoa chemchemi.

Hapo ndipo watu hukimbilia pampu. Mimi naiogopa pampu kuliko maji. Maji yakitoka meupe, vuta pole pole. Yakitoka na mchanga, zima, maana unachota ardhi chini ya ukuta wa jirani. Siku hizi nachimba kishimo pembeni, naweka kokoto na gunia, ndipo nashusha mpira. Bomba la maji la Regideso nalitafuta kwa mkono, sururu marufuku, na likijitokeza nalining'iniza kwa kamba kwenye mti uliolazwa juu ya mtaro. Bomba linalovuja limewahi kunilowesha ukuta usiku kucha bila mtu kujua. Mbao zinashuka pamoja na kina, hazingoji tufike chini. Wayede, vibarua wasaidizi, hulalamika kwamba mikaratusi ya kukazia inawabana viwiko. Iwabane.

Yule kijana tulimzika kesho yake baada ya Adhuhuri. Mchanga wa makaburini ulikuwa mwepesi, mwanandani ukakataa kushika. Mchimbaji, mzee mmoja mkali, aliuacha akachimba mfereji katikati ya kaburi, kama fiqhi inavyoruhusu ardhi ikiwa laini, akaviweka viunza tayari. Sisi tulikuwa tumesongamana ukingoni. Akainua uso kutoka shimoni, akafoka: "Rudini nyuma, patabomoka!"

Tukarudi wote, na mwenye nyumba pia.